Jirani kaleta friza, LUKU haikai: nihame au nifanyeje?

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Habari mtaalamu. Naishi nyumba ya kupanga huku Mbagala, tuko vyumba vitano, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ni moja, kila chumba tunachanga elfu tano na ilikuwa inatufikisha mwezi. Miezi kadhaa nyuma jirani wa chumba cha mbele kaleta friza, anauza barafu, juisi na maji ya Kandoro, yale ya vifuko. Sasa hivi ile elfu 25 yetu inakaa siku kumi na saba basi. Siku moja nimeenda kununua barafu kwake nikamwambia kwa utani tu, jirani hii friza inatunyonya damu, akanijibu mbele za watu 'kama huna hela sema'. Nikaweka stetasi, kaiona, nae akaweka ya kwake. Mwezi wa tatu huu hatusalimiani na wanangu nimewakataza kucheza na wa kwake. Mwenye nyumba anasema tumalizane wenyewe, mume wangu anasema niachane nae. Kuna usiku natamani nikamzimie swichi. Nihame au nifanyeje?"

Jibu:

Mdogo wangu, tuanze na swichi mana hiyo ndo ya haraka. Usiiguse. Ukizima usiku asubuhi juisi imeharibika, mzigo wa watu umeyeyuka, na kuanzia hapo hakuna mtu kwenye hiyo nyumba atakayekumbuka habari ya umeme, kesi itakuwa ni ya kwako wewe uliyemharibia mwenzio mtaji, na utalipa. Nimekaa kwenye usuluhishi miaka mingi na hizi kesi za nyumba za kupanga ndo mkate wangu, na zile ngumu karibu zote ni za mtu aliyekuwa na haki kabisa mwanzoni alafu akafanya kitu kimoja cha hasira, ikabidi tuanze na hicho.

Haya, sasa tupige hesabu, chukua kalamu kabisa. Kwa bei ya kawaida ya majumbani ya uniti moja, ambayo inacheza kwenye shilingi 356 ukijumlisha na makato yake, elfu 25 inakupa uniti kama 70. Zilikuwa zinakaa siku 30, mana ake nyumba nzima mlikuwa mnatumia uniti mbili na kidogo kwa siku. Sasa zinakaa 17, mana ake mnatumia kama nne na kidogo. Ongezeko ni uniti moja na nusu mpaka mbili kwa siku, na hiyo kwa friza inayofunguliwa funguliwa kutwa wateja wanachukua barafu ni matumizi ya kawaida kabisa, kwahiyo hapo hujakosea, ni friza. Kwa mwezi ni kama uniti 50 na kitu, weka elfu 19 hivi. Ukiigawa hiyo elfu 19 kwa vyumba vitano bila kubagua inakuja kama elfu nne kasoro kila chumba.

Elfu nne kasoro kwa mwezi. Nakuomba uiangalie hiyo namba vizuri, sisemi ni ndogo, kuna wiki elfu nne ni mboga ya siku mbili tatu najua, ila jiulize kama kweli elfu nne ndo imekufanya ushindwe kumwambia jirani yako habari za asubuhi miezi mitatu na watoto mkawatenganisha uani. Mi nakujibia, hapana. Kilichokuuma ni ile "kama huna hela sema" iliyosemwa watu wamesimama na mia mbili zao mkononi wanasubiri barafu. Ukienda kwake na hesabu ya elfu 19 hata kama ni sahihi mpaka senti, hutamaliza, mana atakulipa elfu 19 na bado utakuwa unamchukia, na yeye bado atakuwa anakuita jina ambalo we hulisikii.

Na hapa nakugeuzia upande mwingine, usinikasirikie. Umesema ulimwambia kwa utani. Utani huku kwetu una wenyewe na una masharti, Mnyamwezi anaweza akaingia msibani kwa Mzaramo akasema maneno ambayo mwingine angepigwa, na watu wanacheka, kwasababu kila mtu pale anajua hawa ni watani toka enzi na enzi na kesho zamu ni ya mwenzie. Wewe na mama wa friza hamna huo mkataba. Yeye alichosikia ni mteja amesimama mbele ya wateja wengine anasema biashara yake inanyonya damu za watu. Pale kwenye friza ndo ofisini kwake. Huenda huo mtaji ni wa mkopo wa vikundi, na kila wiki kuna rejesho na anatetemeka, huyo mtu ukimgusa biashara mbele za watu hatakujibu kwa busara, atakujibu na kitu cha kwanza kilichomjia mdomoni.

Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwake, na wewe pia hujui, hilo ndo ninalotaka ulione. Kuna mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Lee Ross aliandika mwaka 1977 kuhusu kosa moja ambalo watu wote tunalo, kwamba mwenzetu akifanya jambo baya tunasema ndo tabia yake, tunasahau mazingira yaliyomkuta. Ila sisi tukifanya lile lile tunataja mazingira. Mi nikichelewa kikao ni foleni ya Mbagala, we ukichelewa ni dharau. Kwahiyo kwako wewe yeye ni mjeuri kaanza kupata vihela, na kwake yeye wewe ni jirani mwenye wivu asiyependa kuona mtu anatoka. Nina uhakika hata stetasi yake ilikuwa na neno wivu ndani.

Tuzungumzie hizo stetasi. Wala sio kitu kipya, mama zetu wa pwani walikuwa wanamalizana kwa kanga, unaenda dukani unachagua yenye maneno yanayomfaa jirani yako, unaivaa unapita mbele ya mlango wake unaenda kisimani, kasoma, na hawezi kukushtaki popote mana hujasema kitu, umevaa tu nguo. Ila kanga iliishia pale mtaani, na ikifuliwa ikaanikwa basi. Stetasi inasomwa na shangazi yako Tabora, na mpangaji wa chumba cha nyuma anapiga skrinshoti anaenda kuionesha upande wa pili, alafu unakaa unaangalia nani kaiona na saa ngapi kaiona, na yeye anajua unaangalia. Kwenye kesi zilizonipitia sijaona hata moja iliyotulia kwa kijembe cha stetasi, nimeona nyingi zilizokuwa za watu wawili zikawa za nyumba nzima. Kwahiyo acha kuweka, na za kwake zizime zisikutokee, kwenye WhatsApp unaweza kuficha stetasi za mtu mmoja bila yeye kujua. Usimtume mtu akwambie kaandika nini. Na huyo anayekuletea "leo kaweka hiki" muangalie vizuri sana, mana na za kwako anazipeleka.

Sasa cha kufanya, na naomba ukifate kwa mpangilio huu huu mana watu wengi wanarukia mwisho.

Kwanza watoto, leo leo. Wafungulie wacheze. Usitangaze, usimwambie mtu, we waache tu wakatoke nje. Watoto hawana LUKU, na kila siku unapowazuia mama wa friza anaelezea wa kwake kwanini, na maelezo hayo huyapendi.

Alafu salamu. Kesho asubuhi ukitoka na ndoo ukamkuta, "habari za asubuhi jirani", unapita. Usisimame kusubiri jibu. Anaweza akanyamaza, anaweza akajibu kwa pua, au akamgeukia mtu mwingine akaguna, vyote hivyo sio vyako. Kesho kutwa tena. Usimsalimie kwa sauti ya kejeli ile ya kurefusha maneno, unaijua ninayoisema. Ikipita wiki utaona inaanza kujibiwa, kwasababu kumnyima mtu salamu ya kila siku ni kazi ngumu sana kwa mtu aliyelelewa uswahilini, inamchosha mwenyewe na wapangaji wengine wanaanza kumuona yeye ndo mwenye shida. Kuna watu wananiambia hii ni kujishusha. Sawa, ila we umeniuliza jinsi ya kumaliza, hujaniuliza jinsi ya kushinda.

Salamu ikisharudi ndo unatafuta siku ya kuongea, na siku hapo ni jambo kubwa kuliko mnavyodhani. Usiongee siku LUKU imekata, wala ile jioni kijimashine kinapiga kelele kwamba uniti zinaisha na kila mtu anamuangalia mwenzie nani atanunua. Usiongee asubuhi anafunga juisi kwenye vifuko. Watafiti wawili wa Marekani, John Gottman na Robert Levenson, waliwahi kuwaweka wanandoa wabishane huku wamefungwa vipimo, na wakaona mapigo ya moyo yakizidi kama 100 kwa dakika mtu anakuwa hasikii tena, masikio yapo ila anachofanya ni kujitetea tu, na inachukua walau dakika 20 za kukaa mbali mwili utulie. Wale walikuwa mke na mume ila moyo wa jirani nao ni moyo. Gottman huyo huyo ameonesha pia kwamba dakika tatu za mwanzo za mabishano zinatabiri sana yataishaje. Mkianza na shutuma mtamaliza na shutuma. Kwahiyo chagua mchana wa Jumapili, umeme upo, biashara imepoa, na uende kwake wewe, peke yako, bila mume na bila shahidi.

Useme nini? Watu hapa ndo wanaharibu, wanaenda wamejaza kifua na kesi kumi. Wewe sema hivi au unavyojua mwenyewe kuongea, ila mpangilio uwe huu: "Jirani nina maneno mawili, naomba unisikilize. Siku ile nilikutania kuhusu friza wateja wako wapo, haikuwa sehemu yake, na ile stetasi nayo haikuwa na maana. Naomba unisamehe." Alafu nyamaza. Usiweke "lakini". Ukisema "naomba unisamehe lakini na wewe", hapo hujaomba kitu, umefungua kesi upya. Kunyamaza huko ndo kugumu, vumilia.

Kitakachofuata ni moja kati ya mawili. Anaweza akalainika akasema na mimi siku ile nilikuwa na yangu, kama ni hivyo shukuru Mungu endelea. Au, na hii ndo inatokea zaidi, atafungua bomba. Atakwambia una jagi la umeme unachemshia maji ya kuoga, mumeo anapiga pasi asubuhi, redio yenu ile kubwa inawaka mpaka saa sita usiku na yeye hajawahi kusema kitu. Msikilize yote. Na kwa taarifa yako atakuwa na hoja, jagi la wati 2000 nusu saa tu ni uniti nzima, pasi ya wati 1000 saa moja ni uniti nzima, wakati taa ya wati 9 inawaka zaidi ya saa mia kabla haijaimaliza hiyo uniti moja. Usimjibu kitu kwa kitu. Mwambie tu "hilo la jagi ni kweli, tuliweke kwenye hesabu". Mtu aliyejiandaa kupigana akikubaliwa hoja moja anapoteza pa kushikia, na unamuona kabisa mabega yanashuka.

Hapo sasa ndo inakuja habari ya hela, na uje nayo ikiwa na njia. Usimwambie apunguze friza wala aizime usiku, hiyo ni kumwambia apunguze riziki. Mwambie biashara iendelee, ila tufunge sabumita kwenye chumba chako, kila mwisho wa mwezi tunasoma uniti zako unalipa za kwako, zinazobaki tunagawana. Sabumita inafungwa baada ya mita ya TANESCO, hiyo ya TANESCO yenyewe msiiguse kabisa, na mtafute fundi umeme anayetambulika sio yule kijana anayeunga unga. Unamuonesha kwamba na yeye inamlinda, mana saa hivi kila umeme ukiisha mapema anasingiziwa yeye hata siku ambazo ni jagi lako. Kama sabumita haiwezekani kwa sasa, kubalianeni kiasi, ile hesabu yangu ya juu inasema elfu 19 juu ya tano yake, mi ningeanza na 15 tukaangalia mwezi mmoja inakaaje. Mwenye biashara akikubali kitu anachoweza kulipa kila mwezi ni bora kuliko kiasi sahihi atakachokilipa mara moja kwa kinyongo. Na uandike kwenye daftari, tarehe ya kununua, kiasi, uniti zilizoingia, nani kachanga. Daftari likae sehemu ambayo kila mtu analiona.

Kuna kitu kingine kwenye hiyo LUKU wengi hawakihesabu, kodi ya jengo. Toka 2021 inakatwa humo humo kwenye umeme, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni 1,500 kwa mwezi, inakatwa mnaponunua mara ya kwanza ya mwezi. Hiyo kodi ni ya mwenye nyumba, sio yenu wapangaji. Nimeiacha pembeni kwenye hesabu ila hiyo ni hela ambayo nyie watano mnamlipia baba mwenye nyumba kimya kimya huku mnagombana nyie kwa nyie, kwahiyo mkishapatana nendeni wote wawili mkamwambie aikate kwenye kodi ya pango. Tena hiyo safari ya pamoja kwa mwenye nyumba ni dawa yenyewe, nimeona watu walioshindwa kuangaliana wanatoka kule wanaongea kama mashoga.

Maana huyo mwenye nyumba kusema mmalizane wenyewe anakwepa. Kwenye maneno yenu hahusiki kweli, ila ruhusa ya kufunga sabumita ni yake na waya za nyumba ni zake, hapo mbane.

Ukienda ukaomba msamaha akakufukuza? Inatokea. Usirudi siku hiyo. Subiri, endelea na salamu, alafu tafuta mtu wa kati, na mtu wa kati sio shoga yako wala mumeo. Kila nyumba ya kupanga ina yule mama au mzee aliyekaa miaka mingi, hana umbea, hata akimsema mtu anamsema mbele yake. Huyo ndo mumtume. Akishindikana kuna mjumbe wa nyumba kumi, mfumo ulioanza toka enzi za TANU na mpaka leo watu wanapeleka kwake mambo kama haya. Juu yake kuna ofisi ya serikali ya mtaa, alafu baraza la kata, ambalo sheria yake ya mwaka 1985 inasema kabisa kazi yake ya msingi ni kuleta amani eneo lake kwa kusuluhisha watu. Ila ushauri wangu wa dhati, kwa elfu nne na neno moja baya usifike kata. Ukifika kule kila mmoja anakuja na mashahidi na ndugu, na watu wakishasema mambo mbele ya baraza wanaona aibu kuyarudisha nyuma. Kata iwe kama kuna vitisho, kupigana, au mtu kaharibu mali ya mwenzie, hapo nenda haraka bila kujiuliza.

Mume wako anayesema achana nae simlaumu sana, anatoka alfajiri anarudi usiku, huyo mama anamuona mara moja kwa wiki. Usimlazimishe achukue upande. Muombe kitu kimoja tu, asimsimulie mtu yeyote kijiweni, mana mama wa friza nae ana mume na wanaume wakishaingia kwenye hili litakuwa na sura nyingine kabisa.

Kuhama sasa. Unaweza, hakuna anayekukataza, ila pigia hesabu na hiyo. Wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi mitatu au sita mkononi, dalali nae ana mwezi wake mmoja, gari la kuhamisha vitu, watoto wabadili njia ya shule. Yote hayo kwa tofauti ya elfu nne, na huko uendako ukikuta LUKU ni moja tena utakuta friza nyingine, au fundi cherehani, au kijana wa kuchomelea kwenye fremu ya mbele, huyo wa kuchomelea ndo utaikumbuka friza. Mi ningekupa miezi miwili ya kujaribu haya. Ikishindikana kabisa hama, na kwenye nyumba mpya kabla hujatoa hata mia muulize dalali mbele ya mwenye nyumba: LUKU ni ya vyumba vingapi, nani ana friji, nani ana biashara ya umeme, mnachangaje, na kodi ya jengo inarudishwaje. Akianza kung'ata ng'ata maneno mwambie akuoneshe chumba kingine.